Nguo Alizozishona Tabita

Katika mji wa Yope, penye bandari ya bahari, palikuwa na mwanamke mwanafunzi wa Bwana, jina lake Tabita. Kwa Kiyunani aliitwa Dorka, na majina yote mawili maana yake ni paa. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 9, hakitaji mume wake wala umri wake, wala hakisemi kwamba alihubiri mahali popote. Chasema tu kwamba alijaa matendo mema na sadaka. Akaugua, akafa. Wakamwosha, wakamlaza katika chumba cha juu.

Mtume Petro alikuwa karibu, katika mji wa Lida. Watu wawili wakatumwa kumwita. Alipofika, wajane wote wakasimama karibu naye wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo ambazo Tabita aliwashonea alipokuwa angali pamoja nao. Katekumeni na alitazame vema jambo hili. Mjane wa siku zile mara nyingi alikuwa mtu asiye na mtetezi. Wajane hawa hawakuleta mashahidi wakubwa wa kumsifu marehemu, walileta nguo. Na Petro, mvuvi aliyezoea nyavu, alijua kazi ya uzi ilivyo na uchovu.

Katika matendo saba ya huruma ya kimwili, ambayo kila katekumeni hujifunza, limo la kuwavika walio uchi. Basi, ni nani aliye uchi kuliko mtoto mchanga? Anatoka katika joto la tumbo la mama akiwa amelowa maji, na kichwa chake ni kikubwa kuliko kifaavyo kiwiliwili chake, hata joto hupotea upesi. Mwili wake wapasa kuwa na joto la digrii kati ya 36.5 na 37.5. Likishuka, hunyonya kwa unyonge. Na yule aliyezaliwa kabla ya majuma 37 aweza kufa. Watu husema hatari hiyo ni ya milimani tu. Sivyo, hata penye jua kali mtoto aliyelowa hupata baridi. Kwa hiyo mkunga mwenye akili humkausha mara moja, humlaza kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kisha humvika kofia. Malezi hayo ya kifuani kwa watoto njiti yalianza hospitalini mjini Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978, mashine za joto zilipokuwa hazitoshi.

Kofia hizo, katika nchi nyingi, hufumwa na wazee. Hao wameacha kazi zao za zamani, wengine ni wajane, nao hukaa na sindano mbili ndefu na uzi wa sufu, wakiwafumia watoto wasiowajua. Mwaka 2008 ilianza kazi ya namna hiyo kwa ajili ya mayatima wa Afrika ya Kusini, waliofiwa na wazazi kwa ugonjwa wa Ukimwi. Mfumaji aliyekaa mbali hakuombwa blanketi zima. Aliombwa kipande cha mraba, sentimita 20 kila upande, akitie katika bahasha ya posta. Vipande 35 vilishonwa pamoja, na blanketi likapatikana. Bibi ambaye vidole vyake vimekakamaa aweza kumaliza kipande kimoja.

Walakini sadaka nayo ina utii wake. Yuko afumaye apendavyo mwenyewe: hutia vifungo vinavyong'aa, na mtoto aweza kuvimeza; huacha matundu ya urembo, na vidole vidogo vikanaswa; hufuma kofia kubwa, ikamshukia mtoto puani. Huyo amejivika sifa mwenyewe, na mtoto amebaki na shida yake. Mfumaji mwema huuliza kwanza kipimo, na akiambiwa kwamba amekosea, hufumua na kuanza tena. Kufumua kazi ya siku tatu kwa ajili ya mtoto asiyeonekana, hilo si jambo dogo kwa mzee.

Kule Yope Petro aliwatoa watu wote nje, akapiga magoti, akasali. Kisha akauelekea mwili, akamwita Tabita kwa jina lake aondoke. Akafumbua macho, akamwona Petro, akaketi. Petro akampa mkono, akawaita waamini na wale wajane, akawarudishia Tabita akiwa hai. Neno lolote alilosema Tabita siku ile halikuandikwa.