Amana ya Maji katika Kambi ya Mahujaji

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, siku ya nane ya Mfungo Tatu, siku ambayo mahujaji hutoka Makka kwenda Mina, huitwa Yaumu Tarwiya. Asili ya neno hili ni kunywa mpaka kiu ikakatika. Wanavyuoni wametueleza kwamba siku hiyo watu wa zamani walikuwa wakiwanywesha wanyama wao na kujaza viriba vyao, kwani Mina na Arafa hapakuwa na maji ya kuwatosha. Basi tazameni jambo hili vizuri. Siku inayofungua safari ya Mina imepewa jina la kuweka akiba ya maji, na jina hilo lingali hata leo ambapo maji yaja kwa mabomba na kwa chupa.

Kazi ya kuwanywesha mahujaji, yaani sikaya, ilikuwa mkononi mwa Abbas bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume (s.a.w.). Kulala Mina masiku yale baada ya Idi ni wajibu kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi, na mwenye kuacha bila ya udhuru hulazimika fidia. Hata hivyo Abbas alimwomba Mtume ruhusa ya kulala Makka kwa sababu ya kazi yake ya maji, naye akamruhusu. Wamepokea haya Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar. Haikuruhusiwa ibada hii kuachwa kwa ajili ya biashara wala kwa ajili ya raha ya mtu. Iliruhusiwa kwa ajili ya maji ya watu.

Wala asije mtu akadhani kuwa sikaya peke yake yamtosha. Makureshi walijifakhiri kwayo hali ya kuwa ni washirikina, na Sura ya Tawba, aya ya 19, imewakatalia kuifanya sawa na imani. Nasema na wenye imani.

Sasa tazama tunavyofanya sisi. Kikundi cha mahujaji huteua kiongozi, na mshika fedha, na siku hizi hata mtu wa kupiga picha. Mtu wa maji hapana. Maboksi ya chupa huwekwa mlangoni pa hema, kijana mwenye nguvu akachukua chupa kumi akazifukia chini ya godoro lake, na bibi mzee aliyelala pembeni akiamka hakuna kitu. Kijana huyo ndiye utakayemwona baada ya saa moja akilia katika dua.

Jambo hili si dogo. Katika Hija ya mwaka 2024 joto lilipindukia nyuzi 51 pale Makka, na serikali ya Saudia ikatangaza kwamba watu 1,301 walifariki. Zaidi ya wanane katika kila kumi miongoni mwao walikuwa wamekwenda bila ya kibali, wakatembea mbali katika jua pasipo kivuli wala mahali pa kupumzika. Na matabibu watueleza kwamba mzee huweza kupungukiwa na maji mwilini naye hajahisi kiu sawasawa. Kwa hiyo mtunza maji hangoji kuombwa. Huzunguka na bilauri yake, akaanza na wazee na wagonjwa, akatazama nani hajanywa tangu asubuhi.

Mfano wake tunao. Imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Abu Katada kwamba walikuwa safarini, na Mtume (s.a.w.) akatawadha kwa maji machache yaliyokuwa katika chombo, kisha akamwamuru Abu Katada akihifadhi chombo kile, kwani kitakuja kuwa na khabari. Jua lilipopanda watu wakalalamika kwamba wameangamia kwa kiu. Akakitaka chombo, akawa yeye akimimina na Abu Katada akiwapa watu. Walipoyaona maji wakasongamana, naye akawaamuru wawe na adabu, kwani wote watakata kiu. Na wote wakanywa, hata wakabaki wao wawili tu. Mtume akamwambia Abu Katada anywe. Akajibu kwamba hatakunywa kabla yake. Akafahamishwa kwamba mwenye kuwanywesha watu ndiye wa mwisho kunywa. Akanywa Abu Katada, kisha ndipo akanywa Mtume.

Wengi husimulia hadithi hii kwa ajili ya muujiza wake, na muujiza ni haki. Lakini kabla ya muujiza kulikuwa na amri ya kuhifadhi chombo, na katikati yake amri ya kuacha kusongamana. Haya mawili yamo katika uwezo wetu.

Ama namna ya kuyaweka, tumeamrishwa kufunika vyombo na kufunga midomo ya viriba, na sababu iliyotajwa katika hadithi ya Jabir ni maradhi yanayoshuka na kuingia katika chombo kilicho wazi. Tumekatazwa kunywa kwa mdomo wa kiriba, na kupumua ndani ya chombo, na mwenye kuamka usingizini asitie mkono chomboni kabla ya kuuosha mara tatu. Mwaka 1865 kipindupindu kiliwaua maelfu ya mahujaji kule Hijazi, kisha kikafika Misri na Ulaya. Na mwaka 1869 maradhi hayo yakaingia Unguja. Leo yajulikana wazi kwamba huenea kwa maji yaliyoingiwa na uchafu. Basi maji ya pipa yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, yangojewe nusu saa, na yatolewe kwa mfereji wa chini, si kwa kila mtu kuchovya kopo lake. Hata fikihi yetu yataka hivyo: maji yasiyofika kulla mbili, nazo ni kiasi cha lita 200 au zaidi, hunajisika kwa kuingiwa na najisi ijapokuwa hayakugeuka.

Na pipa la kunywa lisiwe la kutawadhia. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo katika madhehebu yetu haifiki lita moja, na wako ndugu zetu wenye wasiwasi wanaomaliza ndoo nzima kwa kuosha mkono mara saba. Huo si uchaji. Na maji yakiwa hayazidi haja ya kiu, ya sasa au ya baadaye, huwekwa kwa kiu, na watu wakatayamamu.

Limebaki suala ambalo nimeulizwa. Wapita mlangoni pa kambi watu wasio na kibali, wameungua kwa jua, waomba maji. Baadhi ya viongozi wa vikundi huwafukuza, wakasema kuwapa ni kusaidia maasi. Mimi sihalalishi kwenda bila ya kibali, na niliowaona wakidanganywa na mawakala niliwakataza. Lakini mwenye kiu hapewi maji kwa sababu ya karatasi yake. Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Huraira kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama ni mtu aliye na maji ya ziada njiani akamnyima msafiri. Basi kila hema itenge mapema, tangu siku ya Tarwiya, maboksi mawili au matatu ya wapita njia, yawekwe kivulini karibu na mlango, na ateuliwe mtu wa kuyasimamia mchana, na mwengine usiku.

Wa billahi tawfiq.