Kumsaidia Askari wa Polisi, na Mpaka Wake

Liko swali ambalo wengi hulinong'ona na wachache hulisema wazi: je, yafaa Muislamu amsaidie askari wa polisi? Wako wasemao kwamba afanyaye hivyo ni kibaraka tu, na kwamba mwenye akili hufunga dirisha lake asikiapo zogo. Sisi twaona hayo si maneno ya dini. Ni maneno ya khofu, na khofu hiyo ina sababu yake, tutaifikia.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Maida, aya ya 2, ametuamrisha tusaidiane katika wema na ucha-Mungu, na papo hapo akatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Tutazame basi kinachosaidiwa, kabla ya kutazama mwenye kusaidiwa amevaa kanzu au sare.

Na tutazame mwendo wa Mtume wetu (s.a.w.). Amesimulia Anas bin Malik, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kwamba usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na sauti, wakatoka kuelekea huko huko ilikotoka. Njiani wakakutana na Mtume akirejea. Amekwisha kuwatangulia, juu ya farasi wa Abu Talha asiye na tandiko, upanga shingoni, akiwatuliza wasiogope. Katika kisa hiki hatumwoni aliyefunga dirisha.

Zama zetu nazo zimeliona jambo hili. Jumamosi tarehe 21 Septemba 2013, wauaji waliingia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, na katika siku nne za mzingiro ule watu 67 wakauawa. Baadhi ya walioshikwa walitakiwa watamke shahada ili ijulikane nani aachwe. Kalima yetu ikafanywa mizani ya kuua! Miongoni mwa walioingia ndani saa za mwanzo walikuwamo askari wachache wasiovaa sare, na pamoja nao raia wenye bastola za leseni. Mmoja wa raia hao ni Abdul Haji, Muislamu, ambaye mwaka 2021 alikuja kuwa seneta wa Garissa. Nduguye alikuwa amenaswa ndani, akampelekea ujumbe kwa simu. Naye alipofika hakumtafuta nduguye peke yake, bali alifuatana na askari wale, wakiwatoa watu wasiowajua. Picha ya mtoto mdogo wa kike akitoka mafichoni kwa mamake na kumkimbilia ilienea ulimwenguni.

Na kule Paris, tarehe 9 Januari 2015, Lassana Bathily, kijana Muislamu mzaliwa wa Mali, alikuwa kazini katika duka la Mayahudi lilipovamiwa na mtu mwenye bunduki. Aliwaficha wateja katika chumba cha baridi kilicho chini, akatoka kwa lifti ya mizigo. Polisi wakamdhania kuwa ni mmoja wa wauaji, wakamtia pingu kwa muda wa kiasi cha saa moja na nusu. Walipomtambua, aliwaeleza jinsi duka lilivyo ndani ili wapate njia ya kuingia. Angaliweza kunyamaza kwa hasira ya zile pingu. Lakini wateja walikuwa bado chini.

Hapa twaifikia khofu tuliyoitaja. Watu wa pwani hawakuamka siku moja wakawachukia askari. Wako wazazi ambao wana wao walichukuliwa na watu wasiojitaja, wala hawakuambiwa walikopelekwa. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliyaandika mambo ya namna hii katika ripoti ya mwaka 2015. Atakaye tumsaidie askari, ilhali hataki tulitaje hilo, hatutakii wema. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24. Askari aendaye njia hiyo atuomba wema. Atakaye tumwonyeshe nyumba ili mtu apotee atuomba dhambi, na aya ile ile yatukataza. Vivyo hivyo apelekaye jina la jirani yake kituoni kwa sababu ya ugomvi wa kiwanja: huyo amemdhulumu jirani, na askari naye amemdanganya.

Liko jingine, nalo hufanyika mchana mitaani mwetu. Pakipigwa ukelele wa "Mwizi!", watu hutoka, na kutoka ni kwema, lakini wengine hutoka na mawe na matairi. Sheria ya nchi yampa raia ruhusa ya kumkamata mhalifu, na yamlazimu amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Kumhukumu haikumpa. Mtume (s.a.w.) alipoamrisha ndugu asaidiwe, akiwa dhalimu au mdhulumiwa, aliulizwa dhalimu husaidiwaje, akabainisha kwamba ni kwa kuzuiwa na dhulma yake. Basi mwizi azuiwe asitoroke, na umati uzuiwe usiue, hadi gari la polisi lifike. Twajua ni vigumu, na pengine jiwe humpata mwenye kuzuia. Ndiyo maana maimamu wa mitaa na wazee wanaosikizwa hutakiwa wawe wa kwanza kufika hapo, kwani vijana wale walioshika mawe huwajua kwa majina, na wengi wao waliwasomesha chuoni.