Kabla ya «Nasadiki» huja «Nakataa»

Wakatekumeni wapenzi,

Wazee husema: Ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Methali hii ina hekima yake. Mgeni hana budi kushika desturi za wenyeji: aamkie kama waamkiavyo, ale wanachokula, asiwadharau. Lakini je, wenyeji wakiiba, aibe nao? Kijiji kizima kikimsingizia bibi kizee kwamba ni mchawi, watu wakaokota mawe, nawe uokote lako? Hapo methali haitufai tena. Kuna jicho lingine, jicho la roho, ndilo dhamiri. Hilo Mungu mwenyewe amelitia ndani yetu, wala hatuna ruhusa ya kulivunja.

Basi, kwa nini watu wengi hufuata kundi, na mmoja hukataa? Je, huyo mmoja hana hofu? Sivyo. Tumtazame mtu wa nchi yetu.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa ziingiazo nchini. Mwaka 2007 uliletwa mchele ulioharibika. Walitaka aupitishe, wakamtolea fedha. Akakataa. Wakazidi kumsonga. Akakataa tena. Tarehe 7 Julai alitekwa. Siku mbili baadaye maiti yake ilionekana, yenye alama za mateso. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Ni nini kilichompa nguvu? Nitawaonyesha mambo matatu.

La kwanza: aliwaona watu wasiokuwapo. Mbele yake palikuwa na fedha tu. Lakini yeye aliwafikiri wale watakaoununua mchele ule sokoni, na watoto watakaoula. Mtu afuataye kundi humwona yule tu aliye karibu, anayemcheka au kumtisha. Mtu mwenye dhamiri humwona pia yule aliye mbali, asiye na sauti, atakayeumia.

La pili: alikuwa amejizoeza. Alikuwa mwana wa jumuiya ya Sant'Egidio. Alisali pamoja na wenzake, akawahudumia watoto wa barabarani. Neno lake la kukataa halikuzaliwa siku ile ya mchele. Mhogo hauliwi siku upandwapo. Hukaa ardhini miezi mingi, ukikua pasipo kuonekana. Vivyo hivyo nguvu ya dhamiri. Asiyekataa uongo mdogo nyumbani, atapata wapi nguvu ya kukataa uovu mkubwa barazani?

La tatu: alikuwa na ndugu katika imani. Kundi lina nguvu kwa sababu kila mtu aogopa kuachwa peke yake. Mwenye ndugu wa kusali naye, naye akijua kwamba Bwana Yesu yu pamoja naye, haachwi peke yake hata wote wakimkimbia.

Labda mmoja wenu atasema: «Mimi nitafuata kwa nje tu, moyoni nitabaki na Mungu.» Kitabu cha pili cha Wamakabayo chasimulia habari za mzee Eleazari, mwenye miaka 90. Mfalme alilazimisha watu kula nyama iliyokatazwa na Sheria. Rafiki zake walimwonea huruma, wakamshauri alete nyama yake iliyo halali, ajifanye tu kama anakula ile ya mfalme. Hakukubali. Aliogopa kwamba vijana wakimwona watapotea kwa ajili yake. Akafa. Kumbe, unafiki wetu haukai ndani yetu tu. Mdogo wako anakutazama.

Lakini angalieni, si kila anayekataa ni mtu wa Mungu. Mtoto akikataa kuteka maji, huo si ushujaa, ni uvivu. Baba, mama na wakuu wetu twapaswa kuwatii katika yote yasiyo dhambi. Tutapambanuaje? Mkaidi hukataa apate raha au sifa, na mzigo wake huwaangukia wengine. Mwenye dhamiri hukataa, na mzigo huubeba mwenyewe. Mkaidi hataki shauri; mwenye dhamiri huuliza, husali, hungoja. Petro na mitume walikataa kunyamaza mbele ya Baraza, lakini hawakumtukana mtu wala kumpiga. Walipopigwa, walivumilia kwa furaha.

Wapenzi, siku ya ubatizo, kabla ya kuwauliza kama mnamsadiki Mungu, padri atawauliza kwanza kama mnamkataa Shetani na matendo yake. Neno lile ni fupi, lakini litadaiwa maisha yote: sokoni, kilioni, mezani pa pombe, siku watu watakapomzunguka yule bibi kizee. Siku hiyo usingoje mwingine atangulie. Simama karibu naye, umshike mkono, umwite padri na wazee wenye busara. Na ukiona miguu yako inatetemeka, usione haya. Mwombe Roho Mtakatifu, kwa maana nguvu ni zake.

Maswali ya kujibu pamoja na mwalimu:
1. Dhamiri ni nini?
2. Kwa nini Eleazari hakukubali kujifanya?
3. Katika kijiji chetu, ni nani anayeumia kwa sababu wote tunanyamaza?