Picha ya Mbali
Ndege anayetaga juu ya mchanga mtupu hana mlango wa kufunga. Kinachomlinda ni mayai yake kufanana na mchanga, na umbali ambao viumbe wengine watakubali kumwachia. Rangi amepewa na Mungu; umbali inabidi atuombe sisi.

Huku Rumonge, kwenye Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, umbali huo umekwisha. Pale mitumbwi inapopakua na ndagala zinapoanikwa hubaki sululu wachache, wageni wa kutoka Ulaya, wakitikisa mikia ukingoni mwa maji. Hawa hawatagi kwetu, kwa hiyo ukiwafukuza huruka kidogo, wakatua, wakaendelea na kazi. Anayetaka kuona ndege wa mchangani wakilea aelekee kaskazini, aipite Bujumbura, afike delta ya Rusizi karibu na Gatumba. Ni hifadhi ya taifa, na tangu mwaka 2002 imo kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Wengi huja kwa ajili ya viboko na hadithi za yule mamba Gustave. Mimi hufuata ndege ambaye wasemao Kifaransa humwita mdomo-mkasi.

Mdomo wenyewe ni kituko: taya la chini limelizidi la juu kwa urefu. Ndege huruka chini chini, taya hilo likichana maji, na likigusa samaki mdomo hujifunga papo hapo. Jioni kundi likipita, hata mtu asiyejali ndege hukatiza mazungumzo. Hutaga kiangazi, mto unapopungua na visiwa vya mchanga kujitokeza. Kiota ni kishimo tu. Na hapa pana jambo ambalo wapiga picha hawalijui, au wanalijua wakajifanya hawalijui. Mchana mchanga ule huunguza miguu. Mzazi huenda kulowesha manyoya ya tumbo, kisha hurudi kuyalalia mayai ili yapoe. Ukimsogelea ataruka, nawe utapata picha safi ya mabawa yaliyokunjuka. Mayai yatabaki juani. Picha nyingi tunazosifiana kwenye simu ni za ndege anayetukimbia.

Waswahili tuna adabu ya hodi. Mgeni hubisha mara tatu. Asipojibiwa hurudi alikotoka, hata kama anasikia sauti ndani. Ndege naye hujibu: akiinua shingo na kuacha alichokuwa akifanya, amekwambia usiingie. Kijana aliyetupeleka deltani kwa mtumbwi, mimi na mwenzangu, aliujua ujumbe huo kutuzidi sisi wenye kamera. Mwenzangu alimsihi, "Mwanangu, sogea kidogo tu." Akazima mashine, akasema kwa upole, "Mzee, hapa panatosha." Mwenzangu alinuna hadi tuliporudi bandarini. Mimi nilimwongezea yule kijana nauli.

Umbali kama huo tumewahi hata kuandikiwa. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika ziachwe wazi. Tukajenga. Ziwa hili lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na mvua za miaka hii zilipozidi likapanda, likaingia vyumbani mwa watu Gatumba na kwenye fukwe nyingine za Burundi. Simlaumu maskini aliyejenga pale. Hakuwa na pengine. Mwenye hoteli alikuwa napo. Ndege, visiwa vyake vikifunikwa, hana hata wa kumlalamikia.

Basi picha zangu ni za mbali. Kijiweni Rumonge kijana mmoja aliikuza moja kwa vidole mpaka ikawa vumbi tupu, akaniuliza, "Mzee, ulilipa mtumbwi kwa ajili ya mawe?" Nikamwambia nilikuwa na darubini, na kwamba jiwe la tatu kutoka kushoto lilikuwa linalalia.