Tuwaombee Wakohli wa Sindh

Somo: Nehemia 5:1–13



Tunawaomba mwezi huu mwakumbuke katika sala watu ambao wengi wetu hatujapata hata kusikia habari zao: Wakohli wa jimbo la Sindh, nchini Pakistani. Wengi wao ni Wahindu katika nchi yenye Waislamu wengi, na Wahindu wenzao nao huwahesabu kuwa watu wa chini. Katika baadhi ya migahawa ya chai vikombe vyao huwekwa mbali.

Wengi hulima pamba, ngano na miwa katika mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Mwenye shamba huwakopesha mbegu, mbolea, unga, na fedha za arusi au matibabu. Hesabu huiandika yeye mwenyewe katika daftari lake, na mara nyingi mlimaji hajui kusoma. Baada ya mavuno huambiwa kwamba fungu lake halikutosha. Deni likaingia mwaka wa pili, na wa tatu, hata likawaangukia watoto. Sheria ya mwaka 1992 ilipiga marufuku utumwa huo wa deni, lakini daftari bado lipo. Krishna Kumari Kohli, aliyechaguliwa kuingia Seneti ya nchi hiyo mwaka 2018, alishikwa utotoni pamoja na jamaa zake na kutumikishwa na mwenye shamba.

Labda mtu atasema: waliomlilia Nehemia walikuwa ndugu zake kwa imani. Ni kweli. Lakini Msamaria hakumwuliza majeruhi anasali wapi kabla ya kumfunga vidonda.

Kanisa la Pakistani, ambalo Waanglikana waliungana na wengine kuliunda mwaka 1970, linafanya kazi Sindh, na Wakohli kadhaa wamemwamini Bwana. Twafurahi. Ila unga usifanywe chambo: aliyefungwa na deni la tajiri asije akafungwa na deni la kanisa. Nasi tuliozeeka na chaki mkononi twaona kwamba kumfundisha binti wa Kikohli kujumlisha, akaweza kulikagua daftari la baba yake, ni Injili pia, abatizwe asibatizwe.

Tuwaombee walimu wa huko. Tumwombee na mwenye shamba. Wakopeshaji wa siku za Nehemia waliitwa mbele ya watu, wakakubali kurudisha mashamba na nyumba, na kusanyiko lote likaitika Amina.