Barua ya Aksanti kwa Waliotulaza

Wanangu, mnanisikitisha. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kutapika, tuliamriwa kuhama Goma kwa hofu ya mlipuko mwingine. Wengine walishika njia ya Sake hadi Minova, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, wengine wakapanda boti za Bukavu. Watu wasiotujua walitutandikia mikeka, wakagawana nasi bugali. Tuliporudi, nani kati yenu alishika kalamu?

“Nilituma mesaji.” Mesaji! Simu ya mama aliyetulaza Minova iliuzwa zamani, na shukrani zenu zikaenda nayo. Barua yangu, karatasi moja ya daftari, aliitia ndani ya Biblia yake.

Andikeni basi, na mtaje kitu chenyewe. “Aksanti kwa yote” ni maneno ya mtu aliyekuwa amelala. Semeni blanketi, semeni maharage ya usiku wa kwanza, semeni mtoto aliyempisha wa kwenu kitandani. Aliyewatendea wema anataka kujua kwamba mliuona. Mwandiko mbaya si kosa. Asiyejua kuandika amwambie mjukuu, mjukuu aandike.

Wala msinitajie posta. Barua zetu zimezoea kusafiri mkononi mwa abiria. Na mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa hapa kwa mamia ya maelfu, waliopoteana waliandikiana kwenye karatasi za Msalaba Mwekundu: habari za jamaa tu, barua wazi, bila siasa. Watu wasio na hata sufuria waliandika. Nyinyi wenye meza mnashindwa na nini?

Mbebaji mpeni barua jioni ya kuamkia safari, si bandarini injini ikinguruma.

Msiombe kitu ndani ya barua ya shukrani. Kijana niliyemlaza aliniandikia mistari miwili ya aksanti na minane ya karo. Karo nilimpa. Barua sikuiweka.

Mliochangiwa kwenye kilio, waandikieni waliochanga, hata aliyeleta kuni.

Juu ya barua wekeni tarehe, mtaa, na alama iliyo karibu na nyumba, kama kanisa au kisima. Mimi niliandika hivyo. Januari 2025, vita vilipoingia Minova, yule mama alishuka kwenye boti hapa Goma na wajukuu watatu, akamwonyesha dereva wa pikipiki karatasi yangu. Aliletwa hadi mlangoni.