Mzazi Pembeni ya Uwanja

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, viwanja vya shule nyingi za msingi Dar es Salaam na Nairobi hujaa watoto waliovaa jezi zinazowafika magotini. Wengine wana miaka sita tu. Njumu zao zimefungwa mafundo mawili, na chupa za maji zimeandikwa majina. Nje ya mstari wamesimama wazazi, na kelele nyingi zinatoka huko: "Kaba! Toa pasi! Piga!" Mtoto akiugusa mpira, hatafuti mwenzake yuko wapi. Anageuza shingo kumtazama baba.

Makocha wa watoto wanaifahamu sana shingo hiyo. Mwenye nayo anafanya mtihani, na msimamizi wake yuko pembeni ya uwanja.

Vituo vya kukuza vipaji vimeongezeka mijini, na hamu ya wazazi ina sababu zake. Januari 2020 Mbwana Samatta alisajiliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Machi mosi mwaka huohuo alifunga bao la kichwa Wembley, kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Wakenya walikwishaonja utamu huo mwaka 2012, Victor Wanyama alipoifungia Celtic bao dhidi ya Barcelona katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mzazi aliyeyaona hayo, kisha akamwona mwanawe akipiga danadana uani, ana haki ya kuota. Lakini safari ya Samatta ikisomwa taratibu ni safari ya subira. Alipita African Lyon na Simba, akacheza miaka kadhaa TP Mazembe ya Lubumbashi, akahamia Genk ya Ubelgiji, na alipofika Villa alikuwa ameshatimiza miaka 27. Hakuna aliyeiona Wembley siku mtoto huyo alipoanza kukimbizana na mpira.

Tena Samatta amezaliwa Desemba, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Timu za watoto kwa kawaida hugawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa. Wa Januari na wa Desemba huwekwa pamoja, ingawa mmoja amemzidi mwenzake karibu miezi kumi na miwili. Kwa watu wazima tofauti hiyo si kitu. Kwa watoto wa miaka saba ni kimo, ni mbio, ni nguvu ya mguu. Mwaka 1985 mtafiti wa Kanada Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba wachezaji wa hoki ya barafu waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka ni wengi kupita kiasi katika timu bora, na tafiti za baadaye zimekuta hali hiyohiyo katika soka la vijana. Mkubwa huonekana ana kipaji, akapewa nafasi, akafundishwa zaidi. Mdogo huwekwa benchi, na akirudi nyumbani huulizwa kwa nini hachezi kama fulani. Kabla mzazi hajamlinganisha mwanawe na mtoto wa jirani, aulize kwanza tarehe za kuzaliwa. Tena hukumu ya mapema hukosea: Harry Kane aliachwa na Arsenal akiwa bado hajafikisha miaka kumi. Baadaye akawa mfungaji bora wa muda wote wa timu ya taifa ya Uingereza.

Umri una mengine ya kuheshimiwa. Watoto wa miaka mitano au sita hukimbilia mpira wote kwa pamoja, kipa naye akiacha goli lake, na wazazi wakakasirika kwamba hawakai kwenye nafasi zao. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget alieleza zamani kwamba mtoto wa umri huo hupata taabu kuona jambo kwa macho ya mwingine. Pasi inataka hasa uwezo huo: kujua mwenzako anaona nini na anataka kwenda wapi. Kumfokea kwa kutotoa pasi ni kumdai deni ambalo hajakopa. Na wale wanaopiga kelele "Kichwa! Kichwa!" wajue kwamba Februari 2020 vyama vya soka vya Uingereza, Scotland na Ireland ya Kaskazini viliagiza watoto wa shule za msingi wasifundishwe kabisa kupiga mpira kwa kichwa mazoezini, kwa kuhofia afya ya ubongo.

Hapa wapo wazazi wanaoinua mkono. Watasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mtoto asiyesukumwa hafiki popote. Hoja yao isipuuzwe, kwani ulegevu haujamlea mtu. Swali ni ukali huo uelekezwe wapi. Bao haliko mikononi mwa mtoto: kuna kipa, kuna upepo, kuna mwenzake aliyemzidi kimo. Yaliyo mikononi mwake ni kuamka bila kuvutwa shuka, kufunga begi lake mwenyewe, kumwamkia kocha, kumpa mkono aliyemfunga, kumwinua aliyemwangusha, kurudisha koni na mipira baada ya mazoezi. Katika hayo mzazi awe mkali anavyotaka. Mtoto aliyefunga mabao matatu kisha akamcheka kipa wa timu pinzani anastahili kukalishwa chini siku hiyohiyo, na aliyekosa penalti akaenda kumshika bega mwenzake anayelia anastahili sifa mbele ya ndugu zake.

Nairobi kuna chama kilichoyafanya haya kuwa kanuni. Mathare Youth Sports Association, maarufu kama MYSA, kilianzishwa mwaka 1987 katika mtaa wa Mathare, wakati mitaro ilikuwa imeziba na taka zimezagaa kila kona. Timu za watoto zikatakiwa kufanya usafi wa mtaa, na kazi ikikamilika timu inaongezewa pointi kwenye msimamo wa ligi. Kwa hiyo timu iliyofungwa uwanjani iliweza kupanda kwa reki na toroli. Na hakuna anayeweza kusema kwamba adabu iliua ushindani, kwa sababu ndani ya chama hicho ilizaliwa Mathare United, bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008.

Norway wamefika mbali zaidi. Tangu 1987 shirikisho lao la michezo lina kanuni maalumu za michezo ya watoto, na kwa kanuni hizo msimamo na orodha za matokeo haziwekwi mpaka mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11. Nchi hiyo ya watu wasiofika milioni sita ilitwaa medali 16 za dhahabu kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing 2022. Ni kweli Norway ina fedha na viwanja ambavyo Temeke ya Dar es Salaam na Kayole ya Nairobi hazina. Lakini kuacha kumhesabia mabao mtoto wa miaka minane hakuhitaji fedha.

Sasa pembeni ya uwanja. Mtoto hawezi kutii sauti mbili kwa wakati mmoja. Kocha akisema baki nyuma na mama akisema panda, mtoto husimama katikati akiduwaa, mpira ukampita. Maelekezo ni ya kocha. Mzazi ana makofi, na makofi hayo yawafikie watoto wa timu zote mbili. Refa aachwe. Katika mechi za watoto mara nyingi ni kijana wa sekondari anayejifunza kushika kipenga, na mtu mzima anayemwita mwizi mbele ya watoto anawafundisha wote namna ya kumwita mwalimu wao kesho yake.

Njia ya kurudi nyumbani ina hatari kuliko mechi yenyewe. Mtoto amechoka, amebanwa kwenye kiti cha daladala, hana pa kukimbilia, ndipo mzazi anaanza: "Ile nafasi ya kwanza ulikuwa unawaza nini?" Hilo lisitokee. Inatosha kumwambia, "Pole na mechi, mwanangu," kisha kumpa maji na kuuliza kama ana njaa. Akitaka kuzungumza ataanza mwenyewe, pengine kuhusu bao, pengine kuhusu mbwa aliyeingia uwanjani, na yote mawili yasikilizwe kwa uzito uleule. Utafiti wa Amanda Visek na wenzake wa Marekani, uliochapishwa 2015, ulikusanya mambo 81 yanayoufanya mchezo uwe wa furaha kwa watoto wanaocheza soka. Yaliyopewa uzito mkubwa ni kujituma, kuelewana na wenzao na kutendewa vyema na kocha. Kushinda hakukuwamo kati ya hayo.

Mzazi mwenye jambo na kocha asilimwage kwenye kundi la WhatsApp la wazazi usiku wa siku ya mechi. Alale nalo, kisha aombe nafasi ya kuonana naye ana kwa ana, mtoto asiwepo. Kuuliza "Mwanangu afanye nini ili aendelee?" kunafungua mlango, kuuliza "Kwa nini wa fulani anacheza kila siku?" kunaufunga. Zawadi za kumlainisha kocha ni rushwa, na watoto huzigundua. Maswali mazito yaulizwe kabla ya kulipa ada: kila mtoto atacheza dakika ngapi, nani ana sanduku la huduma ya kwanza, wasichana watabadilishia nguo wapi, na je, kuna mtu mzima yeyote anayebaki peke yake na mtoto. Juu ya hilo la mwisho hakuna kuoneana haya.

Wasichana wasisahauliwe wakati wa kugawa hamu hii. Serengeti Girls, timu ya wasichana ya Tanzania, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022. Bado nyumba nyingi zinamnunulia kaka njumu mpya na kumwambia dada ashughulike na vyombo.

Tamaa ikikomaa hugusa cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu ya wavulana ya Tanzania, walienguliwa kwenye mashindano ya Afrika ya chini ya miaka 17 kwa kosa la umri wa mchezaji, na tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009 FIFA imetumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kuwabaini waliozidi umri. Mtoto anayefundishwa kutaja mwaka wa uongo atabeba uongo huo mpaka kwenye pasipoti. Atokeapo wakala anayeahidi kumpeleka Ulaya akiwa na miaka 13 kwa malipo ya awali, mzazi akumbuke kifungu cha 19 cha kanuni za usajili za FIFA: uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa chini ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa kwa masharti machache.

Mwili nao una haki yake. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto apumzike mchezo wake siku moja au mbili kila wiki, na asijifunge kwenye mchezo mmoja mpaka afike karibu miaka 15. Rede, kombolela na kuogelea vinajenga miguu ileile inayotakiwa uwanjani.

Itafika siku mtoto aseme hataki tena. Mzazi asikimbilie kutaja ada iliyolipwa. Aulize kwa upole, tena faraghani, kwa maana wakati mwingine nyuma ya neno hilo kuna mkubwa anayempiga kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na hapo mtoto aondolewe mara moja na jambo lifuatiliwe. Kama ni kuchoka tu, au ameupenda mpira wa kikapu, amalizie mechi zilizobaki za msimu, kwa sababu wenzake wanamtegemea. Kisha jezi ifuliwe na kupigwa pasi, na mtoto mwenyewe aende kuirudisha, amshukuru kocha na kuwaaga wenzake kwa majina, mzazi akimsubiri nje ya uwanja.